Spana Imepotea au Imepotezwa?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika karakana zetu hapa Eldoret, methali hii haihitaji mfafanuzi. Fundi huchukua spana stoo asubuhi, akatia sahihi daftarini. Jioni spana haionekani, sahihi ndiyo iliyobaki. Mtunza stoo humtazama fundi, fundi naye humtazama mwanagenzi, na mwisho wa mwezi mshahara wa mmoja wao hupungua.

Siku hizi limezuka daftari lisilohitaji kalamu, nalo ni utambulisho wa vitu kwa mawimbi ya redio. Kila kifaa hubandikwa kibandiko chenye chipu ndogo na antena. Aghalabu kibandiko hicho hakina betri. Kisomaji kilichowekwa mlangoni hutoa mawimbi. Chipu hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo, kisha hujibu kwa kutaja nambari yake. Kompyuta nayo huandika kwamba kifaa fulani kimepita mlango fulani, saa fulani. Kwa kuwa chuma huvuruga mawimbi, spana na patasi huhitaji vibandiko vilivyoundwa mahususi kwa kazi hiyo. Katika karakana za ndege, ambako spana iliyosahauliwa ndani ya injini yaweza kuleta maafa, hesabu ya namna hii si anasa.

Mkazi wa Eldoret asidhani jambo hili ni geni kwake. Moses Tanui aliposhinda mbio za marathoni za Boston mwaka 1996, wakimbiaji walikuwa wamefungwa chipu za aina hii viatuni, na zaidi ya 35,000 kati yao walimaliza mbio hizo. Chipu ilieleza nani kapita mstari na kwa saa ngapi. Haikueleza kwa nini aliyechelewa alichelewa.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu, na lugha ya Kiswahili imekwisha kulipambanua suala lenyewe. Tukisema spana imepotea, hatujamshtaki mtu yeyote. Tukisema imepotezwa, tumeashiria kuwa yupo aliyeipoteza. Tukisema imeibwa, tumekwisha kutoa hukumu. Vitenzi vitatu, na kila kimoja kina uzito wake kwa mshahara wa mtu. Chipu haivijui vitenzi hivyo. Inakijua kimoja tu: imepita.

Sheria nayo imezingatia tofauti hii. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara endapo mali yake imeharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Neno zito hapo ni makusudi. Hakuna kisomaji kinachoweza kuyasoma makusudi ya mtu.

Sisemi kwamba teknolojia hii ikataliwe. Yamkini itamfaa mnyonge kuliko mwenye nguvu. Mwanagenzi anayeshukiwa bure ataokolewa na rekodi inayoonyesha kuwa spana ilitoka usiku, saa ambazo yeye hakuwapo kazini. Ninachosisitiza ni kuwa rekodi ichukuliwe kuwa mwanzo wa maswali, wala isigeuzwe hukumu. Mfanyakazi asikilizwe kabla ya shilingi yake kuguswa. Aidha, masharti ya mfumo huo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa asiyeielewa lugha ya mkataba anaelezwa kwa lugha anayoielewa. Itakuwa ajabu tukimfafanulia fundi mkataba wake, kisha tumnyime maana ya chipu inayoweza kumtia hatiani.

Mji wetu una bahati. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, ili pamoja na uzalishaji kiwe mahali pa mafunzo na utafiti. Basi mwanafunzi wa uhandisi na mwanafunzi wa lugha wana pahali pa kukutana. Nanyi walimu wenzangu, mnapofundisha kauli za vitenzi, iacheni kidogo mifano ya vikombe vilivyovunjika. Waulizeni wanafunzi: spana imepotea, imepotezwa, au imeibwa? Kisha waulizeni ni ushahidi gani unaotuhalalishia kila neno.