Tesla Nyingi, Picha Bora? Sio Kila Mara

Ukitafuta pa kupiga MRI, unaweza kuambiwa mashine ya hapa ni ya tesla 1.5 na ya kule ni ya tesla 3. Je, namba kubwa ndiyo bora?

Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Tesla 1.5 ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira. Sumaku hiyo inazipanga protoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili wako. Mashine inazitikisa kwa mawimbi ya redio, nazo zinarudisha ishara ambayo kompyuta inaigeuza picha.

Nguvu ikipanda, ishara inakua na chenga zinapungua. Ukitoka tesla 1.5 kwenda 3, ishara inakaribia kuwa maradufu. Faida hiyo unaitumia upate picha ya kina zaidi au umalize kipimo haraka. Mashine za tesla 7, ambazo Marekani iliziruhusu kwa wagonjwa mwaka 2017, zinaweza kuonyesha hitilafu ndogo sana za ubongo zinazoleta kifafa.

Sasa hasara zake. Kwanza joto: nguvu ikiwa maradufu, mawimbi yaleyale yanaweza kupasha mwili joto karibu mara nne, kwa hiyo mashine inabidi ijizuie. Pili chuma: picha inaharibika zaidi karibu na skrubu au chuma cha mfupa, na kifaa kilichothibitishwa salama kwa tesla 1.5 si lazima kiwe salama kwa 3. Tatu, kwenye tesla 7 urefu wa wimbi ndani ya kichwa unakuwa mdogo kuliko kichwa chenyewe, hivyo picha inaweza kuwa na sehemu zenye giza. Bado bei.

Halafu tazama Mbarara, Uganda. Watafiti wa chuo kikuu cha huko na wenzao wa nje waliunda MRI ya tesla 0.05 hivi, kwa ajili ya watoto wenye kichwa maji. Picha ina chenga, ndiyo, lakini daktari hapo anataka kujua maji yamejaa wapi, na hilo linaonekana.

Kwa hiyo usikimbilie namba. Muulize daktari, "Tunatafuta nini, na mashine hii itakionyesha?" Na kama una chuma chochote mwilini, kitaje kabla hujaingia chumbani.