Keki ya machungwa: osha ganda kabla ya kulikwaruza

Machungwa ya Muheza yanapojaa sokoni, wengi huoka keki kwa maji yake tu. Harufu hasa imo katika mafuta ya ganda. Kwa robo kilo ya unga, kwaruza maganda ya machungwa mawili bila kufikia utando mweupe, maana ni mchungu. Ila ganda hilo limeshagusa ardhi, gunia na mikono mingi, hivyo lisugue kwanza kwa maji safi yanayotiririka. Ladha yake yatosha bila arki ya vanila (nyingine huyeyushwa kwa kileo). Watoto nao wasirambe bakuli: yai bichi, hata lenye ganda safi, laweza kuwa na bakteria wa salmonela, waletao homa na kuharisha. Oka mpaka kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu.