Deni la Marudiano: Mabingwa wa Sataranji na Mahasimu Wao

Katika vijiwe vya Sakina, kandokando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga, mchezo unaotawala si sataranji, ambayo vijana wa siku hizi huiita chesi, bali ni drafti, inayochezwa juu ya ubao uliochorwa kwa mkono, kete zake zikiwa ni vifuniko vya soda, vya mchezaji mmoja vimelazwa kifudifudi na vya mwenzake chali. Na kete iliyobahatika kuvuka ubao mzima ikawa kingi hubebeshwa kifuniko cha pili, ili cheo chake kionekane na kila mpita njia. Kanuni za hapo hazikuandikwa popote, walakini imo moja inayoshikwa kuliko zote: aliyefungwa humpisha mwingine kitini, lakini haendi zake, huketi pembeni akiingojea zamu yake, na yule aliyemfunga hana ruhusa ya kuaga na kuondoka na sifa zake mpaka awe amempa marudiano. Nami kila nisomapo tarehe za mabingwa wakubwa wa sataranji, waliocheza mbele ya makhalifa na kwa mali nyingi, huona kwamba si wote ambao wangevumiliwa na baraza la Sakina kwa kipimo hicho.

Tuanzie Baghdad. Mchezo huu ulizaliwa Bara Hindi, ukapitia Uajemi, na Waarabu walipoupokea waliupenda mapenzi ya kupindukia, ingawa ulikuwa mzito na wa taratibu kuliko huu wa leo: mahali pa malkia, ambaye sasa aweza kuukata ubao mzima kwa hatua moja, alikaa waziri, aliyesogea nyumba moja tu kwa mshazari, na ndovu naye aliruka nyumba mbili, basi. Wachezaji walipangwa kwa matabaka, na tabaka la juu kabisa lilikuwa la watu wachache mno, hata kila mtawala akatamani kuwa na bingwa wake kama alivyotamani kuwa na mshairi wake. Al-Adli aliishika hadhi hiyo katika karne ya 9, mpaka alipofungwa na ar-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala tangu mwaka 847 hadi 861.

Pambano lililobaki vinywani mwa watu, hata hivyo, ni la nusu karne baadaye, katika zama za Khalifa al-Muktafi, ambaye kipenzi chake barazani alikuwa mchezaji aitwaye al-Mawardi. Aliletwa mbele yake mgeni mmoja, Abu Bakr as-Suli, mtu wa elimu na adabu, na khalifa, kwa kumpendelea mtu wake, akawa anamtia moyo waziwazi mchezo ukiendelea, jambo lililomfadhaisha mgeni kwa kitambo. Lakini as-Suli alipozikusanya fikira zake alimfunga hasimu wake ufungaji usioacha tashwishi, na khalifa, ambaye dakika chache kabla alikuwa upande wa pili, akalichezea jina la al-Mawardi, lenye kunukia maji ya waridi, akamwambia kwamba waridi lake limegeuka mkojo. Ndiyo hali ya mapenzi ya wakubwa.

Mwandishi aliyetuhifadhia kisa hiki ni al-Masudi, naye si mgeni kwetu, maana ndiye yule msafiri aliyepanda chombo kutoka Omani akavuka bahari ya Zanji, mara ya mwisho mwaka 916, akafika kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa ni Pemba. Kwa hiyo mtu mmoja aliziandika habari za mabingwa wa Baghdad na habari za pwani yetu pia, ambako baadaye wenyeji walijivunia bao lao lenye mashimo 32 na kete 64, idadi ileile ya nyumba za ubao wa sataranji. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa tamu.

As-Suli mwenyewe aliyaonja machungu ya kutegemea himaya. Alikuwa amemfundisha ar-Radi kabla hajawa khalifa, na kwa miaka ya utawala wake alikaa kwa raha. Ar-Radi alipofariki mwaka 940, mlinzi wake akawa ameondoka, akalazimika kuihama Baghdad, akafa Basra mwaka 946 katika dhiki. Aliacha, hata hivyo, fumbo moja la sataranji lenye kete chache mno ubaoni, akidai kwamba hapana mtu duniani awezaye kulifumbua isipokuwa yule atakayefundishwa naye, na fumbo hilo likakaa zaidi ya miaka elfu moja hadi Mrusi Yuri Averbakh alipochapisha ufumbuzi wake katika miaka ya 1980. Huyu alitoa marudiano kwa kila atakayezaliwa.

Wa kinyume chake tunamkuta Buenos Aires mwaka 1927. José Raúl Capablanca, mwana wa Havana, alikuwa amelitwaa taji mwaka 1921 kutoka kwa Emanuel Lasker, aliyelivaa kwa miaka 27, na alimshinda bila ya kufungwa hata mchezo mmoja. Uchezaji wake ulikuwa mwepesi, kana kwamba hafikiri, na watu wakaanza kuamini kwamba hafungiki. Ili kuzuia kila mtu kumsumbua, aliweka sharti kwamba atakaye kumkabili alete kwanza mfuko wa dola 10,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Alexander Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa, hakuwa amemfunga Capablanca hata mara moja katika maisha yake. Lakini alijifungia na michezo ya hasimu wake, akaichambua mmoja mmoja, akagundua kwamba wepesi ule ulikuwa pia na uvivu ndani yake. Walicheza michezo 34, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, 25 kati ya hiyo ikatoka sare, na Alekhine akashinda 6 kwa 3.

Capablanca akadai marudiano, na hapo ndipo uungwana ulipokosekana, kwa kuwa Alekhine alilishika lile sharti la dola 10,000, lililotungwa na Capablanca mwenyewe, akalifanya ukuta, akasisitiza zitimie zote, na ulimwengu ulipoingia katika msukosuko wa uchumi tangu mwaka 1929 fedha hizo hazikupatikana, huku yeye akikubali kucheza na Bogoljubov, aliyekuwa mchezaji hodari lakini si wa kutisha, si mara moja bali mara mbili. Mahasimu hawa wakafikia mahali pa kutosemezana. Capablanca akafa New York mwaka 1942, na Alekhine akafa Ureno mwaka 1946, angali na taji.

Katikati ya kisa hicho yumo mtu mmoja ambaye kwa mizani yangu anawazidi wote wawili kwa heshima, ingawa kwa uhodari hakuwafikia: Max Euwe, mwalimu wa hesabu kutoka Uholanzi, aliyemvua Alekhine taji mwaka 1935, na ambaye, badala ya kutafuta visingizio, alimpa marudiano mwaka 1937 akijua fika hatari yake. Alifungwa, taji likarudi kwa mwenyewe.

Liko na deni la namna nyingine. Sultan Khan, Mwislamu wa Punjabu, alikuwa katika nyumba ya tajiri mmoja, Sir Umar Hayat Khan, aliyemchukua London mwaka 1929; alikuwa amekulia katika sataranji ya kwao, ambamo askari hana ruhusa ya kuruka nyumba mbili mwanzoni, hivyo ikambidi kuzoea kanuni za Wazungu ukubwani; hata hivyo alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka uleule wa 1929, akautwaa tena 1932 na 1933, na huko Hastings, mwaka 1930 ukiisha na 1931 ukiingia, alimfunga Capablanca. Kisha bwana wake akarejea Hindi, naye akarejea pamoja naye, na ulimwengu wa mashindano haukumwona tena. Alifariki mwaka 1966. Cheo cha Bingwa Mkuu alitunukiwa mwaka 2024. Siku hizi, angalau, mtoto wa maskini hahitaji bwana wa kumpandisha meli: huko Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala, Robert Katende aliwakusanya watoto kwa ubao na uji, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi mwaka 2010, na tena Istanbul mwaka 2012.

Tukirudi kwenye deni la marudiano, Bobby Fischer, Mmarekani aliyemshinda Boris Spassky huko Reykjavik mwaka 1972, hakutetea taji lake ilipofika zamu ya Anatoly Karpov mwaka 1975. Akalikosa kwa kutocheza, na Karpov akalipokea bila ya kusogeza kete. Pengine ndiyo sababu Karpov, alipotokea hasimu wa kweli, hakumkwepa. Garry Kasparov alikutana naye Moscow mnamo Septemba 1984, katika pambano ambalo mshindi angekuwa yule atakayetangulia kushinda michezo sita. Karpov akafikisha mitano bila ya kufungwa, ikabaki mmoja, na huo mmoja haukupatikana, sare zikafuatana kama mvua za masika, Kasparov akaanza kushinda, hata Februari 1985, baada ya michezo 48, rais wa shirikisho la sataranji duniani akalisimamisha pambano bila ya mshindi, na watu hawajaacha kubishana kama alimwokoa mmoja au mwingine. Walipoanza upya mwaka huohuo Kasparov alishinda 13 kwa 11, akawa bingwa akiwa na umri wa miaka 22. Wakarudiana 1986, na 1987 huko Seville, ambako Kasparov aliuhitaji ushindi katika mchezo wa mwisho kabisa ili asivuliwe taji, na akaupata. Wakarudiana tena 1990. Jumla ya michezo ya mapambano yao matano ni 144: Kasparov alishinda 21, Karpov 19, na 104 ikatoka sare.

Hawakupendana siku zile, wala hawakujisingizia. Lakini Kasparov alipowekwa kizuizini Moscow mwaka 2007 kwa sababu za siasa, mtu mmoja aliyekwenda kuomba kumwona alikuwa Karpov, akakataliwa. Na mwaka 2010 Karpov alipogombea urais wa shirikisho la sataranji duniani, Kasparov alizunguka nchi nyingi kumwombea kura. Wakashindwa, safari hii wote wawili kwa pamoja.