Mtoto mwenye kidole tumbo apewe dawa ya maumivu, asisubirishwe

Wazazi wengi wameambiwa hivi wakiwa kwenye benchi la mapokezi: mtoto asipewe chochote cha kutuliza maumivu mpaka daktari wa upasuaji amwone, kwa kuwa dawa itaficha ugonjwa. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na kidole tumbo, maana yake ni saa nyingi za kujikunja na kulia. Agizo hilo limepitwa na wakati. Sasa kwa kuwa baadhi ya watoto hutibiwa ugonjwa huu bila kupasuliwa, ni muhimu zaidi mzazi ajue maumivu yatulizwe vipi na yanasema nini.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1921 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Zachary Cope, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya ghafla ya tumbo kilichosomwa na vizazi vya madaktari. Humo alionya dhidi ya kutoa mofini kabla ugonjwa haujajulikana. Enzi zile hakukuwa na altrasaundi, na mkono wa daktari juu ya tumbo ndio uliokuwa kipimo kikuu. Lakini watafiti wa Kanada walipolipima jambo lenyewe kwa watoto 108, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliona kwamba waliochomwa mofini walipata nafuu na madaktari hawakuyumba katika kuutambua ugonjwa. Tafiti nyingine zimeonyesha hivyo hivyo.

Sababu iko katika ugonjwa wenyewe. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoota mwanzoni mwa utumbo mpana. Kinapoanza kuvimba, neva za ndani haziwezi kuonyesha mahali hasa, hivyo mtoto hushika kitovu. Uvimbe ukifika kwenye utando wa ukuta wa tumbo, ambao neva zake hujua mahali barabara, maumivu huhamia chini upande wa kulia. Ndipo mtoto hutembea ameinama, hukataa kuruka, na hulia gari likipita kwenye tuta. Dawa hupunguza uchungu, lakini pale penye ugonjwa pakibonyezwa bado pataonyesha. Tena mtoto aliyetulia hulegeza misuli, na daktari humpima vizuri zaidi kuliko anayepiga mateke.

Matibabu bila upasuaji si ya kila mtoto, wala si ya nyumbani. Katika utafiti mkubwa wa hospitali 10 za Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, walioruhusiwa kuchagua njia hiyo ni watoto wa miaka 7 hadi 17 ambao maumivu hayakuzidi saa 48, na picha ilionyesha kidole tumbo hakijapasuka, hakina usaha pembeni wala kijiwe cha kinyesi ndani. Walilazwa na kupewa antibayotiki kwa mshipa kwa angalau saa 24, kisha za kunywa mpaka zitimie siku 7. Baada ya mwaka, takriban 67 kati ya kila 100 walikuwa hawajahitaji upasuaji. Mahali pasipo na picha ya kuaminika, au daktari wa upasuaji wa kumwita usiku, kuchagua njia hii ni kubahatisha.

Wodini, kosa la kawaida ni kungoja mtoto alie ndipo apewe dawa. Katika siku ya kwanza, kabla antibayotiki hazijafanya kazi ya kutosha, dawa ya maumivu itolewe kwa ratiba, usiku na mchana. Paracetamol ndiyo msingi: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 300, yaani mililita 12.5 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu zinatofautiana, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kijiko cha jikoni. Angalia pia kama dawa ya mafua anayokunywa ina paracetamol ndani, kwani dozi zikirundikana huumiza ini.

Ibuprofen inaweza kuongezwa daktari akiridhia, ila si kwa mtoto aliyetapika mpaka akakaukiwa maji, kwa ajili ya usalama wa figo. Maumivu yakizidi hapo, mofini kidogo chini ya uangalizi wa hospitali ni tiba halali, na mzazi asiogope kuiulizia. Kodeini na tramadoli zisitumike. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa matibabu ya watoto chini ya miaka 12, na tramadoli kwa maumivu yao, kwa sababu miili ya baadhi yao huzigeuza dawa hizo haraka mno na pumzi hudhoofika. Aspirini nayo si dawa ya mtoto.

Lakini kutuliza bila kuuliza ni hatari. Kabla ya kila dozi, mtoto aulizwe anaumwa kiasi gani: aonyeshe uso mmoja kati ya nyuso zilizochorwa, au ataje namba kutoka 0 hadi 10. Pimeni joto kabla ya paracetamol, si baada, maana dawa hiyo hushusha homa na kuwadanganya wauguzi. Tiba ikifanya kazi, namba hushuka ndani ya siku moja au mbili, mtoto huomba chakula na hutaka kushuka kitandani. Namba ikipanda licha ya dawa, au maumivu yakapungua ghafla kisha tumbo zima likawa gumu, huenda kidole tumbo kimepasuka. Mwite daktari saa hiyo hiyo.

Si kila maumivu ni ya kidole tumbo. Antibayotiki huleta kuharisha na msokoto unaokuja na kuondoka, na ile iitwayo metronidazole huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Maumivu ya kutisha ni yale yanayokaa pale pale chini kulia na kuongezeka akitembea. Tumbo hilo lisichuliwe, na mtoto asipewe dawa ya kufungua choo wala enema.

Akisharuhusiwa, mzazi ajue kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet, wenye watoto 936, ulikuta tiba ya antibayotiki ilishindikana ndani ya mwaka kwa 34 kati ya kila 100. Kwa hiyo, mtoto akiumwa tumbo tena miezi kadhaa baadaye, na mkaenda kituo kingine, msiseme tu kwamba aliwahi kutibiwa kidole tumbo. Mhudumu anaweza kudhani kilishaondolewa. Mwambieni wazi kuwa alitibiwa kwa antibayotiki, kidole tumbo bado kimo ndani, na mwonyesheni karatasi ya ruhusa.