Upinzani Utokao Nyumbani

Mtu atakaye kuleta badiliko kijijini, kiwandani au katika tawi la Chama hujiweka tayari kupambana na adui wa nje: mwajiri, tajiri, mtawala. Lakini mara nyingi pigo la kwanza hutoka kwa wenziwe, wale waliotembea naye usiku kuuza kadi na kulala naye njaa. Leo twataka kulitazama jambo hili, na mfano wetu twauchukua Tabora, mwezi wa Januari 1958, katika Mkutano Mkuu wa TANU.

Vijana waliozaliwa baada ya Uhuru husikia maneno “Uamuzi wa Busara” wakadhani kwamba busara hiyo ilionekana na kila mtu tangu asubuhi ya kwanza. Sivyo hata kidogo. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeweka masharti ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambayo hapana mwanachama aliyeyapenda. Nchi iligawanywa majimbo 10, na kila jimbo likapewa viti 3: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu, mmoja wa kila rangi; akimpigia Mwafrika peke yake, kura yake ilihesabiwa imeharibika. Tena mpiga kura mwenyewe sharti awe na kipato cha kutosha, au elimu, au cheo. Mkulima wa jembe la mkono, mchukuzi wa bandarini, mama muuza vitumbua, yaani wale wale walioijaza mikutano ya TANU, wengi wao kura hawakuipata.

Na TANU wakati huo kilikuwa chama cha Waafrika; hakikuwa na mwanachama Mzungu wala Mwasia wa kumsimamisha. Kando yake kilikuwapo chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana na kuchanganya watu wa rangi zote. Masharti yale yalikuwa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha UTP.

Basi tuseme haki. Waliokuja Tabora wakitaka uchaguzi ugomewe hawakuwa wajinga wala wasaliti. Hoja yao ilikuwa nzito: kuingia katika kura ile ni kuukubali ubaguzi kwa mkono wako mwenyewe. Na walikuwa na silaha nyingine. Mwalimu Nyerere alikuwa amejiuzulu kutoka katika Baraza hilo hilo mwezi wa Desemba 1957, kwa kuwa Serikali haikuyasikiliza madai ya TANU. Sasa, baada ya wiki chache tu, anawaomba wajumbe wakubali kuingia. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: je, Rais wetu amegeuka?

Mwalimu aliweza kunyamaza na kufuata wengi, nao wangempigia makofi. Aliweza pia kulazimisha kwa cheo chake. Alishika njia ngumu kuliko zote mbili, akasimama mbele ya wajumbe akajadiliana nao. Tukigoma, viti vyote vitakwenda kwa UTP bila jasho, na Gavana ataiambia dunia kwamba wananchi wamewakilishwa. Tukiingia, twaweza kuwaunga mkono Waasia na Wazungu walio rafiki wa madai yetu, na kura tatu walizotutegea zitakuwa zetu zote tatu. Wajumbe walibishana kwa ukali, na mwisho mkutano ukakubali kuingia.

Si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu, mmoja wa watendaji wa TANU waliofanya kazi kubwa, alijitoa akaunda chama chake, African National Congress. Sisi hatumcheki. Twasema hivi kwa sababu siku hizi katika baadhi ya vikao vyetu mtu akiuliza swali moja tu huitwa mpinzani, kisha agenda ikapita kwa makofi. Huo ni uvivu wa kiongozi. Tabora watu walipingana waziwazi, na waliosalia walijua kwa nini wamesalia.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Mwalimu alitiwa hatiani kwa yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi 6. Faini ikalipwa. Jela ingemletea sifa, lakini uchaguzi ulikuwa mwezi wa Septemba, na kazi ilimngoja nje.

Majimbo 5 yalipiga kura Septemba 1958, na 5 mengine Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda, na UTP ikafa. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa. Mwaka 1962 Mtemvu alishindana na Mwalimu kuwania Urais akapata kura zipatazo 21,000 tu. Mwalimu alipata zaidi ya milioni 1.

Lakini hesabu hizo zaja baadaye. Twamfikiria katibu wa tawi aliyerudi kwao kutoka Tabora mwaka 1958, pengine yeye mwenyewe alikuwa amepinga, na sasa awaambie wanachama waliochoshwa na ukoloni kwamba Chama chawataka waweke alama penye jina la Mzungu. Hakuwa na gazeti la kumsaidia wala gari. Alikuwa na mdomo wake, na pengine baiskeli. Miongoni mwa majina aliyopaswa kuyaeleza yalikuwapo ya Derek Bryceson, mlowezi mwenye shamba, na Amir Jamal. Wa kwanza alikuja kuwa Waziri wa Kilimo wa nchi huru, na wa pili Waziri wa Fedha.