Mikro ya begani: butoni moja inaweza kunyamazisha ekipe nzima

Ukiuliza wazee wa Kabalo namna walikuwa wanazungumuza na watu wa mbali mbele ya telefone kufika, watakuambia juu ya foni. Ulikuwa unaketi kwenye benchi pamoja na wengine, unangojea zamu yako. Operateri alikuwa anaita Kalemie, Kamina ao Lubumbashi. Jibu likifika, anakupa mikro. Unafinya butoni, unasema maneno yako, kisha unasema «à vous» na kuachilia butoni, ili yule wa upande wa pili naye aseme.

Lakini hakukukosa mutu wa kusahau kuachilia. Mama anauliza kwa sauti kubwa: «Mutoto alipona? Eh, mutoto alipona?» Anauliza mara tatu, mara ine. Jibu halikuji. Operateri anamuambia pole pole: «Mama, toa kidole. Wako wanakujibu, lakini ni weye umefunga mulango.»

Leo telefone imechukua sehemu kubwa ya kazi ya foni. Lakini sheria ile ya butoni haijakufa. Iko ndani ya toki-woki, zile radio ndogo za mukononi ambazo watu wengine wanaziita «motorola» hata kama zimetengenezwa na kampuni nyingine. Utaziona kwa walinzi wa depo, kwa watumikaji wa migodi, kwa watu wa reli, na kwa vijana wa protokole wakati wa mikutano mikubwa. Wengi wamefunga toki-woki kwenye mukaba, na begani wamebana mikro ndogo yenye kamba ya kujikunja-kunja. Juu ya mikro hiyo ndiyo tunataka kuzungumuza, kwa maana vijana wetu wanaipewa kazini na mara nyingi hakuna mutu wa kuwafundisha.

Ni kitu gani, na inasaidia nini?

Mikro ya begani ni vitu vitatu ndani ya sanduku moja dogo: mikro ya kusemea, spika ya kusikilizia, na butoni ya kufinya. Nyuma iko na kibano cha kushika nguo. Kamba yake inaisha na fishi, ambayo inaingia ubavuni mwa toki-woki. Ukisha kuichomeka, mikro na spika za toki-woki yenyewe zinanyamaza, na kazi yote inahamia begani.

Faida yake ni mbili. Ya kwanza, sauti iko karibu na sikio lako. Mahali pa kelele, kando ya mashini ya kusaga mawe ao kando ya treni, mutu mwenye radio kwenye kiuno hasikii anapoitwa. Ya pili, mikono yako inabaki huru. Mulinzi anaweza kushika taa, na muvuvi wa Lualaba anaweza kushika kasia, bila kutafuta radio ndani ya mufuko. Lakini tukumbuke: ili kusema, sharti mukono mumoja uje ufinye butoni. Kama unapanda ngazi, shikilia ngazi. Ukifika juu ndipo ujibu.

Mulango ni mumoja, na mutu anapita mumoja

Katika telefone watu wawili wanaweza kusema pamoja na kusikilizana. Katika toki-woki hapana. Wakati unafinya butoni, radio yako inatuma sauti tu, haipokei kitu. Kama wengine nao wanafinya wakati ule ule kwenye kanali ile ile, sauti zinagongana, na wasikilizaji wanapata mulio tu, ao wanasikia mumoja mwenye nguvu zaidi na kupoteza wengine.

Usizani hilo ni jambo dogo. Siku ya 27 Mwezi wa 3, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife katika inchi ya Hispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ndani ya ukungu. Ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke. Watu wa munara waliiambia ingojee. Wakati ule ule watumikaji wa ndege ya Pan Am walisema katika radio kwamba wao wangali kwenye njia. Sauti mbili zilipanda pamoja, na ndani ya ndege ya KLM ukasikika mulio wa filimbi juu ya maneno yale. Ndege ziligongana. Watu 583 walikufa. Haikuwa sababu moja tu: kulikuwa ukungu, kulikuwa haraka, kulikuwa maneno yasiyo wazi. Lakini maneno ambayo yangeweza kusimamisha ndege ile yalisemwa. Kilichokosekana ni nafasi ya kuyasikia vizuri.

Butoni inayofinywa bila kujua

Sasa tufike kwenye hatari ya mikro ya begani yenyewe. Toki-woki ikiwa mukononi, unajua kidole chako kiko wapi. Lakini mikro iko kifuani ao begani mahali ambapo vitu vingi vinaigusa. Mukanda wa mufuko unaweza kulala juu ya butoni. Mukaba wa usalama wa gari unaweza kuifinya. Unaegemea ukuta ao unabeba mutoto, nayo inafinywa. Matope na vumbi vinaweza kuingia kando ya butoni na kuizuia isirudi. Tena, katika radio fulani, fishi ambayo haikuingia mupaka mwisho inaweza kufanya radio itume bila mutu kufinya kitu.

Matokeo yake ni nini? Ekipe nzima inakuwa bubu. Wote wanasikia kelele za hatua zako, nguo zako, mazungumuzo yako na rafiki. Hakuna anayeweza kuita. Na weye mwenyewe hujui, kwa maana radio yako haipokei. Unawaza: «Leo kuko kimya, kazi inaenda muzuri.» Kumbe ni weye umefunga mulango.

Tuseme ni mukutano mukubwa wa vijana. Mutoto wa miaka mitatu amepotea. Kijana wa lango la kwanza anamuona akienda upande wa muto, anataka kuwaambia wa lango la pili. Lakini mwenzake mumoja ameegemea muti, butoni imefinywa, na yeye anapiga masolo juu ya mupira. Dakika tano zinapita hivyo. Muto haungojei dakika tano.

Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Kila mara ukimaliza kusema, tazama taa ya radio. Katika radio nyingi, nyekundu ni kutuma na kijani ni kupokea. Nyekundu ikibaki, kuna kosa.

2. Kama kimya kimezidi, anza kuchunguza radio yako mbele ya kulaumu ya wengine. Batri inayoisha haraka na radio inayopata moto ni alama pia.

3. Mupatane mbele ya kazi juu ya kanali ya pili. Ya kwanza ikizibwa, wote wanajua pa kuhamia.

4. Radio nyingi ziko na kipimo cha ndani kinachokata sauti nyuma ya muda uliopangwa, kwa mufano dakika moja. Uliza fundi kama kimewekwa kwenye radio zenu.

5. Hakuna radio inayofanya kazi ya miguu. Ukiona hatari na kanali imezibwa, tuma mutu akimbie.

Kimya maana yake simama

Kabalo ni muji wa reli. Njia ya kutoka Kabalo mupaka ziwa Tanganyika ilimalizika 1915, na katika 1956 njia ya Kamina iliunganishwa na hizi za huku. Katika muji kama huu watu wanajua kazi ya kusukuma vagoni nyuma: mwenye kuendesha mashini haoni mwisho wa vagoni, anategemea alama za mwenzake wa chini.

Mahali ambapo kazi hiyo inafanywa kwa radio, kuna sheria moja nzuri sana. Mutu wa chini anahesabu mwendo unaobaki: «Vagoni kumi. Tano. Tatu. Moja. Simama.» Kama sauti inakatika katikati, mwenye mashini hawazi kwamba mambo ni sawa. Anasimamisha. Kimya ni alama ya hatari, si alama ya ruhusa. Sheria hiyo inafaa kila mutu anayeongoza mashini, kamioni inayorudi nyuma ao winchi ya mugodi. Ukikosa sauti, simama kwanza, kisha uulize.

Namna ya kuitumia vizuri

Zima radio mbele ya kuchomeka fishi ao kuitoa. Ingiza fishi mupaka mwisho, na kama iko na parafujo, ifunge. Bana mikro juu ya kifua ao karibu na bega, mahali ambapo kichwa kinaweza kugeuka kidogo na mukono unafika bila kutafuta. Pitisha kamba chini ya koti ao nyuma ya mugongo, isining'inie. Kisha jaribu na mwenzako: «Unanisikia?» «Niko nakusikia muzuri.» Fanya hivyo kila asubui, hata kama jana ilitumika.

Ukitaka kusema, sikiliza kwanza kama kanali ni huru. Finya butoni, ngojea kidogo, muda wa kuhesabu moja, ndipo useme. Mutu anayesema pamoja na kufinya anapoteza neno lake la kwanza, na «usifungule» inafika kwa wenzake kama «fungule». Mudomo uwe mbali na mikro kwa senti tano hivi. Usipige kelele, sauti ya kelele inavunjika. Kama kuna upepo, upe mugongo. Anza na jina la yule unayemuita, kisha jina lako. Sema kwa ufupi, maliza, achilia.

Radio mbili zikikaribiana sana zinalia, mumoja asogee. Mvua ikiingia ndani ya spika, sauti inakuwa nzito: geuza mikro chini na uitikise. Na ukitoa fishi, rudisha kifuniko chake, kwa maana vumbi letu halina huruma.

Kabalo ao Kabongo?

Angalia majina ya njia zetu za reli: Kabalo, Kabongo, Kamina, Kongolo, Kalemie, Kindu. Yote yanaanza na K. Kabalo na Kabongo ziko kwenye njia moja, na ndani ya kelele zinafanana. Kwa sababu hiyo watu wa radio duniani pote wanatumia maneno ya kutaja herufi. Kabalo ni Kilo, Alfa, Bravo, Alfa, Lima, Oscar. Kabongo ni Kilo, Alfa, Bravo, Oscar, November, Golf, Oscar. Vijana wajifunze maneno hayo nyumbani kama muchezo. Hesabu nazo zitajwe moja moja, na anayepokea azirudilie. «Bien reçu» peke yake haionyeshi kama mutu alisikia 15 ao 50.

Kwa wale wa migodi

Kuna mambo ine ambayo mikro ya begani haiwezi kubadilisha. Moja, mawimbi ya toki-woki hayapenyezi mwamba. Katika shimo la chini, radio inakufa nyuma ya kona chache, isipokuwa mugodi uko na kebo ya pekee inayopeleka mawimbi ndani. Mbili, mahali penye detonateri za umeme, usitume kitu kama mwenye kazi ya baruti hajakuruhusu. Ukifinya butoni, antena inatupa nguvu hewani, na waya za detonateri zinaweza kuipokea. Zima kabisa, na telefone pia. Tatu, mahali penye gazi inayowaka, radio, batri na mikro, vyote vitatu sharti viwe vya aina iliyokubaliwa kwa mahali hapo. Ine, kamba inaweza kunaswa na mukanda wa mashini ao na ndoano ya vagoni, na yule aliyeivaa akavutwa pamoja nayo. Hii ndiyo sababu tumesema ipite chini ya koti.

Begani pako kuna masikio ya wote

Neno la mwisho ni kwa wazazi na viongozi. Spika ya begani inasema mbele ya watu wote wanaosimama pale. Jina la mugonjwa, habari ya kifo mbele ya familia kuambiwa, kiasi cha feza kilicho ndani ya depo: hayo si maneno ya kutupa kanalini. Mikro nyingi ziko na tundu la kuchomeka ekutere ya sikio, itumieni. Na hata hivyo mujue kwamba kila mwenye radio kwenye kanali ile anaweza kusikiliza. Ukiwa na neno la siri, nenda kwa miguu ukaliseme.

Tunajua vijana wanapenda mikro hiyo kwa sababu inawapa sura ya wakubwa. Si vibaya. Lakini heshima yake haiko katika kusema sana. Yule anayeachilia butoni mapema ndiye anayewapa wenzake nafasi ya kumuonya, na siku moja onyo hilo litakuwa juu ya maisha yake mwenyewe.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani ao katika kikundi cha vijana

1. Katika ekipe yenu, kanali ikizibwa, mutafanya nini? Nani anajua?

2. Ni kazi gani ya hapa kwetu ambapo kimya kinapashwa kumaanisha «simama»?

3. Taja jina la muji wenu kwa herufi za radio, bila kutazama karatasi.