Fahamu: Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA

Kijana wa Njombe au Makambako anayeota NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ana njia ya kuichunguza: ile ya Hasheem Thabeet.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa na takriban miaka 15. Urefu wake, mita 2.21, ulimfungulia milango ya Marekani. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2008 na 2009.

Timu ya NBA ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya (draft) wa mwaka 2009, mbele ya nyota James Harden na Stephen Curry.

Matarajio yakawa makubwa mno. Mwaka 2010 alipelekwa ligi ya chini ya NBA, kisha akapitia timu za Houston, Portland na Oklahoma City hadi 2014. Baadaye alicheza Taiwan.